Simu ya Kila Usiku

Mie kwetu Korogwe, mume wangu kwao Handeni. Ni kilomita 65 hivi tu, lakini waambie mashosti wa Dar umeolewa Handeni uone watakavyokuuliza kama umejikinga! Nilikuwa nacheka. Ila mume wangu, mtoto pekee aliyefiwa na baba akiwa mchanga, halali mpaka ampigie mama yake. Kila usiku! Miaka minne ya ndoa nimenuna, na kuna siku niliropoka kwamba amewekewa kitu.

Basi Desemba iliyopita tukaenda kumsalimia mama mkwe. Jioni nikafungua laptopu tuangalie The Babadook, filamu ya kutisha ya mwaka 2014 ya Jennifer Kent wa Australia. Ni ya bajeti ndogo, kama dola milioni 2, na dola 30,000 za kutengenezea mandhari zilichangwa na watu kwenye intaneti. Amelia alifiwa na mume kwa ajali wakati anapelekwa hospitali kujifungua. Mwanaye Samuel anakaribia miaka saba na hajawahi kusherehekewa siku yake yenyewe, maana ndiyo siku ya msiba. Zimwi linatoka kwenye kitabu cha watoto, halafu pole pole unagundua anayetisha zaidi ni mama.

Mama mkwe si mgeni wa mambo haya. Enzi za kanda za video aliziona Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, na kule unajua pa kunyooshea kidole: mzimu au jini. Nikangoja aseme Amelia karogwa.

“Huyu mama, nani anamsaidia kulea?”

“Hakuna, mama.”

“Sasa mnataka awe na akili gani?”

Amelia alipoanza kumtukana mwanaye, mama mkwe akageuza uso. Nikamtuliza: yule mtoto hakuyasikia hayo maneno, mwongozaji alimpigisha magoti mtu mzima mahali pake, ndiye aliyefokewa. Akanyamaza kitambo. Kisha akamtazama mume wangu.

“Wewe ulisikia, mwanangu. Hukuwa na mtu wa kukupigia magoti.”

Jamani! Mume wangu akasema tu, “Yamepita, mama.” Tukaimaliza filamu kimya. Zimwi halifi, linafungiwa chini ya nyumba na Amelia analipelekea minyoo. Mama mkwe hakushangaa hata kidogo.

Kesho yake, tukisubiri basi stendi ya Korogwe, ndipo mume wangu aliponisimulia. Akiwa na miaka sita alikuwa hasinzii mpaka amsikie mama yake anakoroma. Akishasikia, anajua usiku huo umeisha salama.

“Na simu?”

“Ndiyo hiyo hiyo.”

Usiku ule, Dar, alipomaliza kuongea nikanyoosha mkono anipe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Huyo mwenzio amekula?”