UNGA PEKE YAKE HAUJENGI MTOTO



Kila tunapodai nyongeza ya mshahara, wako matajiri wanaotujibu kwamba watoto wetu wamedumaa kwa sababu mama zao hawajui kulea. Kisha hutusomea methali: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sawa, methali ni ya kweli. Lakini malezi hayo hununuliwa dukani, na muuza duka hataki methali, ataka shilingi.

Mwili wa mtoto hujengwa kwa protini, nayo imo katika maharage, maziwa, mayai, samaki na nyama. Kazi hiyo huanza tumboni. Mama mja mzito akikosa vyakula hivyo, mtoto aweza kuzaliwa na uzito mdogo. Akiachishwa ziwa na kupewa uji wa mahindi mtupu, kimo chake hakipandi, maradhi humwandama, na shuleni hujifunza kwa taabu. Mahindi hushibisha, lakini protini yake ni haba na ina upungufu. Ikichanganywa na maharage, upungufu huo huzibwa.

Je, ni kweli mama hajui? Mwaka 1933 Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za watoto waliolishwa mahindi, wakavimba miguu na kubabuka ngozi. Mwaka 1935 aliutangaza ugonjwa huo kwa jina la Kiga, kwashiorkor, yaani maradhi yampatayo mtoto anapozaliwa mdogo wake. Sisi twauita unyafuzi. Jina hilo halikutungwa na daktari. Wenyeji walikuwa nalo tayari, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuona mtoto akiondolewa katika maziwa ya mama huingia hatarini.

Sasa sikilizeni jambo linalogusa mfuko. Huko Guatemala, tangu mwaka 1969 hata 1977, vijiji viwili vilipewa uji wenye maziwa na protini nyingi, na viwili vingine vikapewa kinywaji cha sukari kisicho na protini. Watoto wa uji walirefuka zaidi. Walipokuwa watu wazima walipimwa tena, na wanaume walioupata uji huo katika miaka miwili ya kwanza walikuwa wakilipwa kwa saa zaidi ya wenzao, karibu 46 kwa mia. Walioupata baada ya kutimiza miaka mitatu hawakuonekana kupata faida hiyo ya mshahara. Msingi ukiwa mbovu, kupaka rangi ukutani hakusaidii.

Basi tajiri alipaye mshahara wa kununua unga tu hamnyimi mzazi peke yake. Anapunguza na ujira wa mtoto ambaye bado hajaanza kazi.

Hapa Kenya, hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Na sheria tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya lishe. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Sheria ya Afya ya 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha na kumpa mama nafasi ya kufanya hivyo saa za kazi. Lakini kibarua aandikwaye leo na kufukuzwa kesho, akiomba nafasi hiyo, kesho atakuta jina lake halimo.

Na wanaume wa chama wasijifiche nyuma ya tajiri. Mwanamume anayejipakulia nyama yote na kumwachia mchuzi mke mja mzito anafanya kazi ya tajiri bila malipo. Na mjumbe anayeachia kifungu cha akina mama kwanza, ili apate nyongeza ya senti, ameuza bei rahisi.

Kwa hiyo katika mapatano yajayo tudai haya:

1. Mshahara upimwe kwa bei ya maharage na maziwa, si ya unga peke yake.
2. Vibarua wa kudumu waandikwe kazi, ili sheria iwalinde.
3. Mama wajawazito wapewe kazi nyepesi bila kukatwa mshahara.
4. Mahali pa kunyonyesha pawepo kazini, si katika karatasi.

Miaka miwili ya mtoto hupita upesi, wala hairudi. Tusingoje.

Umoja ni nguvu!