Namba iliyomshinda Fermat
Chukua 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1: unapata 4,294,967,297. Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyekuwa bingwa wa hisabati, aliamini hiyo ni namba tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaivunja: ni 641 mara 6,700,417. Wala haihitaji kupapasa gizani, maana kila kigawo tasa cha namba hiyo, ukikigawanya kwa 64, huacha baki 1. Basi unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Majaribio matano tu! Kwa akili ya Fermat, hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Walimu, wapeni wanafunzi wenu mgawanyo huo waufanye kwa kalamu. Vikokotoo vikae mkobani.