Kuwezekana Si Kulingana

Wapenzi wa lugha, nina dukuduku juu ya neno moja: uwezekano.

Siku moja ya gulio hapa Oldonyo Sambu nilimkuta kijana niliyepata kumfundisha akicheza dadu mbili kwa fedha. Yeye alishika jumla ya 12, mwenzake 7. Dau lao sawa, na jumla itakayotangulia ndiyo mshindi. Baada ya kuniamkia nilimuuliza kwa nini hang'atuki kwenye 12. Akajibu, "Si zote zinawezekana, mwalimu?"

Kisarufi alisema kweli. Weza, wezeka, wezekana, uwezekano: neno hili latuambia kwamba jambo laweza kutokea, bali halituambii kwa kiasi gani. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. 12 ina njia moja tu, sita kwa sita. 7 ina njia sita: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, kisha kinyume chake. Kijana alikuwa akishindana na mtu aliyemzidi mara sita, naye akidhani wamelingana.

Hesabu hiyo nilimfundisha mimi, kidato cha nne, kwa Kiingereza kama ilivyo desturi ya sekondari zetu. Aliinakili vizuri daftarini. Haikufika gulioni, kwa kuwa gulioni hufikiri kwa Kiswahili, nami sikumvusha. Kosa hilo ni langu.

Je, tutafute neno jingine? Yamkini nalo, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya "inawezekana", basi hatutakuwa tumesogea. Naona tulipe kipimo neno tulilo nalo. Tusiseme tu kwamba 7 inawezekana. Tuseme uwezekano wake ni 6 katika 36, na wa 12 ni 1 katika 36. Bahati tuiachie kile kinachobaki baada ya kuhesabu.

Washairi, nyinyi mwaweza kututangulia. Hamuupokei mshororo kwa sababu tu unasomeka. Mwahesabu mizani, nane kwa nane, na ikipungua moja sikio hukataa. Sikio hilo likatae pia "inawezekana" isiyo na kiasi.

Kijana wangu aliondoka mikono mitupu. Laiti ningalimzoesha mapema kuuliza kwa lugha yake: kwa njia ngapi?