KARANI NAYE YUMO HATARINI: TUIKAGUE OFISI KAMA TUNAVYOIKAGUA RELI



Kuna maneno twayasikia kila mara, ya kwamba hatari za kazi ni za watu wa reli, wa karakana na wa machimbo, na ya kwamba karani akaaye kitini hana la kumdhuru. Maneno haya si kweli. Tena yawafaa waajiri tu, kwa maana mtu akiisha kuamini kwamba hana hatari, hawezi kudai akingwe nayo.

Sisi tuandikao ni watu wa reli, na kwetu ni Keumbu, katika Kisii. Reli haifiki kwetu. Tuliifuata kazi mbali. Lakini tukirudi likizo twaingia katika ofisi za nyumbani, za ushirika, za akiba na mikopo, za shule na za serikali, na twazitazama kwa macho ya kazi yetu. Makarani wengi wa chama hiki wakaa katika ofisi za namna hiyo hiyo. Kwa hivyo twataka kusema jambo moja: ofisi yapasa kukaguliwa kama reli inavyokaguliwa, nao waifanyao kazi wawemo katika ukaguzi huo.

Kila aliyefanya kazi katika gengi ajua kwamba hatungoji treni ianguke ndipo tutafute kosa. Mtu huitembea njia kwa miguu, spana na nyundo mkononi, akitazama bolti iliyolegea, taruma lililooza, kokoto zilizochukuliwa na maji. Akiona jambo dogo hulitengeneza papo hapo. Akiona kubwa huweka bendera nyekundu na kupeleka habari, wala treni haipiti. Kisha huandikwa kitabuni. Hakuna mkubwa awezaye kukaa mjini akasema, "Reli ni salama, nimeiona katika ramani."

Basi, ndugu karani, itembee ofisi yako vivyo hivyo. Anza mlangoni. Kwetu Kisii mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka, na watu huja na matope ya sokoni mpaka ndani. Sakafu ya saruji iliyopakwa nta ikipata maji huteleza kama sabuni, na mama mja mzito au mzee aliyekuja kuuliza fedha zake huanguka hapo hapo mbele ya dirisha la kulipia.

Tazama ukutani. Soketi ni moja, na juu yake pamepachikwa kompyuta, mashine ya kunakili, birika la chai na simu nne za wafanya kazi. Waya ukishikwa na joto, hiyo ni dalili ya moto. Tena waya huo umepita katikati ya njia ya watu.

Tazama chini ya meza. Asubuhi za baridi wengine huwasha jiko la makaa ndani na kufunga madirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwanza kichwa huuma, kisha usingizi huja, kisha mtu haamki. Wako waliokufa hivyo majumbani, na ofisi si tofauti na nyumba.

Tazama madirisha. Kwa kuogopa wezi tumetia vyuma kila mahali, na mlango ni mmoja, nao una kufuli. Mwizi hataingia, lakini moto ukianza mlangoni, karani atatokea wapi?

Radi nayo tusiisahau. Watu wa Gusii hatuhitaji kufundishwa habari zake. Jengo la ofisi lapasa kuwa na kinga ya radi iliyofungwa vizuri mpaka ardhini. Wingu likianza kukusanyika, mashine zizimwe na kuchomolewa mapema, wala si wakati radi inapiga.

Mwisho, jitazame wewe mwenyewe. Kiti kilichovunjika mgongo, meza ndefu kuliko kiti, kioo cha kompyuta kinachopigwa na mwanga wa dirisha: hivi havimwagi damu, lakini mwaka wa tano mtu hawezi kuinua ndoo ya maji nyumbani kwake. Yafaa kusimama na kunyoosha viungo kila baada ya nusu saa au zaidi kidogo. Mkubwa asiuite huo uvivu.

Ukiisha kuandika yote, usiyatende yote kwa pamoja. Uliza maswali mawili kwa kila jambo: Likitokea, litadhuru kwa kiasi gani na watu wangapi? Na ni rahisi namna gani litokee? Droo iliyovunjika hukwaruza vidole kila siku, na kila mtu huilalamikia. Mlango mmoja wenye kufuli waweza kukaa miaka kumi usimdhuru mtu, lakini siku moja ukaua wote. Kwa hivyo mlango hutangulia, ijapokuwa droo ndiyo yenye kelele. Hapa ndipo ofisi nyingi hukosea, hutengeneza kinachopigiwa kelele na kuacha kinachoua.

Tarehe 7 Agosti 1998 ilitufundisha hayo kwa uchungu. Siku ile ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa Nairobi, watu wengi katika ofisi za karibu walisikia kwanza mlio mdogo, wakaenda madirishani kutazama. Ndipo bomu kubwa likalipuka, na vioo vikawaingia usoni. Watu zaidi ya 200 walikufa, na wengi waliopona walipoteza macho. Makarani hawawezi kuzuia bomu. Lakini zoezi la hatari, lenye kufundisha watu kukaa mbali na vioo na kujua njia ya kutokea, ni jambo la kila ofisi.

Sasa twafika kwenye dawa. Waajiri wengi wanayo dawa moja tu, nayo ni kusema, "Muwe waangalifu." Wataandika karatasi, "Angalia waya," na kuibandika ukutani. Hiyo ni dawa ya mwisho, wala si ya kwanza. Ya kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe: jiko litoke, soketi ziongezwe, waya usipite njiani. Isipowezekana, ibadilishwe kwa kitu kisicho na madhara makubwa. Isipowezekana, itengwe na watu. Baada ya hayo ndipo zije amri na mafundisho. Mtu mchovu saa kumi jioni hawezi kuwa mwangalifu daima. Waya ulioondolewa haumwangushi mtu hata akiwa amechoka.

Wengine watatuambia haya ni mambo ya viwanda. Zamani ilikuwa hivyo, kwa maana sheria ya 1951 ilisema habari za viwanda, na mwaka 1990 ndipo ikaongezwa mahali pengine pa kazi. Leo iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, nayo yahusu ofisi sawasawa na karakana. Yamwamuru mwenye mahali pa kazi apime hatari zilizopo na kuchukua hatua za kuzizuia. Yataka ukaguzi wa usalama kila mwaka. Penye wafanya kazi 20 au zaidi yataka komiti ya usalama, yenye wajumbe wa wafanya kazi pamoja na wa mwajiri. Yasema pia kila mtu apate hewa ya meta 10 za ujazo kwa uchache. Chumba chenye urefu wa meta 4, upana wa meta 3 na kimo cha meta 3 kina meta 36 za ujazo. Basi ni cha watu watatu, si saba. Hesabu hii kila aliyepita shule ya msingi aiweza.

Wako ndugu wanaoogopa kusema, hasa wale wa mkataba wa miezi mitatu. Hofu yao twaifahamu, wala hatuwacheki. Sheria hiyo hiyo yamkataza mwajiri kumfukuza au kumwonea mtu kwa sababu alilalamika juu ya usalama. Lakini sheria iliyo kabatini haimlindi mtu peke yake. Malalamiko ya karani mmoja huitwa ukaidi. Karatasi iliyotiwa sahihi na mjumbe wa chama kwa niaba ya ofisi nzima ni jambo la kujibiwa.

Na ofisi zenye watu sita, ambazo sheria haizilazimishi kuwa na komiti? Hizo ndizo nyingi kule kwetu, na hapo ndipo chama kinahitajiwa zaidi. Tukumbuke kwamba marehemu Tom Mboya, kabla hajaongoza shirikisho la vyama vya wafanya kazi mwaka 1953, alikuwa mkaguzi wa afya wa Nairobi. Kazi ya kutazama mifereji na hewa ya vyumba haikuwa mbali na kazi ya kutetea watu.

Kwa hivyo twaomba kila tawi litende mambo matatu kabla ya mkutano ujao. Mjumbe na wenzake wawili waitembee ofisi kuanzia mlangoni, wakiandika. Wayapange waliyoyaona kwa uzito, si kwa kelele. Wampe mwajiri karatasi moja, wabaki na nyingine, na juu yake iandikwe siku watakayorudi kuangalia. Siku hiyo ikifika, warudi kweli. Njia iliyokaguliwa mara moja tu haijakaguliwa.

Tuanze na ofisi za chama chetu wenyewe, ili tusije tukaambiwa tuondoe kwanza boriti iliyo machoni petu.