Ugomvi wa Tairi Moja: Wito kwa Wazazi na Walimu wa Chekechea

Saa nne asubuhi, uji ukishanywewa na vikombe vikishakusanywa, watoto wa chekechea hutoka uwanjani mbio. Tairi kuukuu ni moja, watoto ni arobaini. Mmoja ameliwahi, wa pili ameling'ang'ania upande wa pili, wa tatu amelikalia na hataki kushuka. Mara kilio. "Mwalimu, amenisukuma!" "Yeye ndiye alianza!" Mwalimu, ambaye muda huo alikuwa anampangusa mwingine kamasi, anafika na kufanya ambalo wengi wetu tungelifanya: anachukua tairi, anawaamuru waombane msamaha, anawaketisha wote watatu ukutani. Kelele zimekwisha. Ugomvi uko pale pale.

Wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi wawakilishi wadi ambao chekechea za umma ziko mikononi mwenu, nawaandikia kuhusu dakika hizo chache. Tunafanya makongamano ya amani hotelini, tunachapisha fulana, tunatembea barabarani na mabango. Sipingi. Ila mtoto wa miaka minne haji kwenye kongamano. Anakutana na amani, au anaikosa, pale penye tairi.

Na muda si mwingi. Wakenya tutapiga kura tarehe 10 Agosti 2027. Mtoto aliyezaliwa Januari 2008, Bonde la Ufa likiwaka moto, atakuwa mpiga kura mwenye miaka 19. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile za baada ya uchaguzi, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na wengine laki sita hivi walihama makwao. Wapo waliokuwa na umri wa chekechea wakati huo na wakakaa kambini, katika viwanja vya maonyesho vya Nakuru na Eldoret, wakijua kwamba jirani waliyekuwa wakichezea uani kwake sasa si wa kutembelewa. Hao leo ni watu wazima, na baadhi yao wameanza kupeleka watoto wao wenyewe chekechea. Tuliwafundisha nini katikati? Sera ya elimu ya amani ipo tangu 2014. Vilabu vya amani vimeundwa katika shule za msingi na za upili. Chekechea tumeiruka, kana kwamba huko hakuna cha kufundishwa ila kuhesabu na kuimba.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila mzazi aujue. Mwaka 2002 Paul Connolly na wenzake walichapisha matokeo ya mazungumzo na watoto 352 wa Ireland Kaskazini, nchi ambayo Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wameuana kwa miaka thelathini. Watoto walikuwa na umri wa miaka mitatu hadi sita. Walionyeshwa bendera, picha na vitu vya kawaida, wakaulizwa wanapenda kipi. Wa miaka mitatu tayari walikuwa wameanza kupendelea vitu vya upande wao bila kujua kwa nini. Kufikia miaka sita, thuluthi moja walijitambulisha na upande mmoja, na watoto 15 katika kila 100 walitoa kauli za chuki dhidi ya upande wa pili. Pengine hakuna mwalimu aliyewafundisha. Walikuwa wameketi tu karibu na watu wazima wanaozungumza.

Hayo ndiyo yanayonifanya niseme kwamba chekechea ni dirisha, na halikai wazi muda mrefu. Mtoto wa miaka minne akigombana Molo au Likoni, hagombani kwa sababu ya kabila wala dini. Anagombania kitu: tairi, krayoni nyekundu, nafasi ya kukaa karibu na mwalimu, zamu ya bembea. Ni ugomvi safi, kama kuna ugomvi unaoweza kuitwa hivyo. Akijifunza kuumaliza ukiwa bado wa tairi, ana pa kuanzia siku utakapokuwa wa shamba.

Basi tunaumalizaje? Njia ipo, na haihitaji mtambo wala mfadhili. Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, ulianza miaka ya 1960 mpango wa elimu ya awali wa HighScope, na baadaye walimu wake walipanga hatua ambazo sasa zinafuatwa katika nchi nyingi. Pwani yetu inaufahamu mpango huo kwa njia nyingine: chekechea za madrasa zilizoanza Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na juhudi za mwalimu Bi Swafiya Said zilichukua mengi kutoka HighScope zikayavisha kanzu ya hapa, kisha zikaenea Zanzibar na Uganda. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Hatua zenyewe ni hizi. Mwalimu anakwenda polepole, anachuchumaa mpaka macho yake yawe sawa na ya watoto. Anaweka mkono juu ya tairi. Halichukui, analishika tu, na kueleza: "Nitalishika mimi mpaka tumalize kuongea." Anataja anachokiona: "Umekasirika. Na wewe unalia, umeumia." Kisha anamuuliza kila mmoja nini kimetokea, na hapa ndipo penye kazi, kwa maana anamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, hata kama hadithi inaanzia jana nyumbani kwa shangazi. Akishawasikia, anarudia kwa maneno mafupi: "Kumbe nyote mnataka tairi, na tairi ni moja." Halafu anauliza swali ambalo sisi watu wazima huwa hatuwaulizi: "Tufanyeje?"

Watoto watakaa kimya kwanza. Hawajazoea. Baadaye atajitokeza mmoja: "Mimi nisukume mpaka kwa mti, halafu yeye." Mwingine atasema wote wasukume pamoja. Wakati mwingine watakubaliana jambo ambalo kwako wewe ni la ajabu, kwamba tairi lilale na wote wakacheze kitu kingine. Waache. Suluhisho ni lao, na kwa sababu ni lao watalilinda. Baada ya dakika kadhaa mwalimu anapita tena kuangalia kama zamu inafuatwa, maana mapatano ya miaka minne huvunjika upesi, na ya miaka arobaini vilevile.

Mipaka ipo, nayo ni lazima itajwe. Mtoto anayeuma au anayerusha jiwe anazuiwa kwanza, mazungumzo yanafuata baadaye. Na pale mtoto mmoja anapomwonea mwingine kila siku, usiwaweke sawa kama wagomvi wawili. Yule anayeonewa anahitaji mtu mzima asimame upande wake, na yule anayeonea anahitaji kuulizwa, kwa upole, mambo yanakwendaje nyumbani.

Lile la "sema pole" nalo tulitazame. Mtoto anayelazimishwa kuomba msamaha hujifunza kwamba kuna neno moja ukilitamka unaachiliwa. Nimesikia wanasiasa wakilitumia vivyo hivyo. Afadhali aulizwe: mwenzako amedondoka, utamsaidiaje? Ataleta maji. Atampa mkono amwinue. Pole itakuja yenyewe siku atakayoielewa.

Kiboko sikipi nafasi kubwa. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaifanya kosa. Hata hivyo rula, kofi na kufinywa sikio bado vimo madarasani, na mara nyingi ni sisi wazazi tunaomwambia mwalimu "huyu mchape tu." Mwalimu anayempiga mtoto kwa sababu amempiga mwenzake amefundisha somo moja, kwamba mwenye haki ni mkubwa. Tuache kuwaomba walimu wavunje sheria kwa niaba yetu.

Kuna ugomvi mwingine usio na kilio, na huo ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Ni ule wa "wewe hatuchezi nawe." Mtoto anafukuzwa kwenye mduara wa ukuti, hakuna aliyepigwa, mwalimu haoni kitu. Huko Chicago mwalimu Vivian Gussin Paley, aliyefundisha watoto wadogo kwa miaka mingi, aliamua kuweka sheria darasani kwake: hakuna ruhusa ya kumwambia mwenzako asicheze. Kabla ya kuianzisha aliwauliza wanafunzi wa madarasa ya juu maoni yao. Wakamwambia ni ya haki, ila haitawezekana. Akaijaribu hata hivyo, na mwaka 1992 akaandika kitabu kuhusu yaliyotokea. Watoto wake waliizoea haraka kuliko walivyotarajia wakubwa. Wale waliozoea kuwa wakuu wa mchezo ndio waliolalamika zaidi. Sishangai.

Hapa kwetu anayefukuzwa mara nyingi ni mgeni wa lugha. Mtaala unaagiza miaka ya mwanzo ifundishwe kwa lugha ya eneo, na ni sawa. Lakini fikiria mtoto wa Kiturkana ambaye mama yake amepata kibarua Naivasha, anaingia darasa ambalo wote wanaongea Kikikuyu na Kiswahili cha mtaani. Anasimama kando siku nzima, na pengine anajikojolea kwa kukosa neno la kuombea ruhusa. Nawaomba walimu kitu kidogo sana: mkimpokea mtoto wa namna hiyo, mwulizeni mzazi wake maneno matatu kabla hajaondoka, la maji, la choo na la kuumwa. Kisha wafundisheni darasa zima maneno hayo. Kuanzia hapo mgeni ana kitu cha kuwafundisha wenzake, na wao wana sababu ya kumwita.

Sasa nije kwetu wazazi. Watoto hugombana asubuhi, na saa sita wanagawana ndizi. Sisi ndio tunaoubeba ugomvi hadi nyumbani. Mama anaona alama ya kucha shavuni, anaandika kwenye kundi la WhatsApp la darasa, anataja jina la mtoto wa mwenzake. Mwingine anajibu. Wa tatu anaongeza, "hao watoto wao ndivyo walivyo." Kufikia jioni akina baba wameingia, na neno "hao" limekwishapata kabila. Kesho yake watoto wanashikana mikono langoni huku mama zao wanapishana bila salamu. Mtoto huona hayo yote. Anajua kumbe wale walikuwa adui, ila yeye alikuwa hajaambiwa.

Ukiona alama shavuni, mwulize mwanao kwanza, na usimwulize "nani amekupiga?" bali "mlikuwa mnacheza nini?" Utapata hadithi tofauti kabisa. Nenda kwa mwalimu ana kwa ana. Ukitaka kuzungumza na mzazi mwenzako, mtafute peke yake, wala usimtumie ujumbe wa sauti wa dakika nne usiku. Na wasimamizi wa makundi hayo wakubaliane mapema jambo moja, kwamba majina ya watoto katika ugomvi hayaandikwi humo.

Vilevile tuchunge midomo yetu redio inapowaka. Msimu wa kampeni unakuja na maneno yake, "madoadoa" na mengineyo ambayo Tume ya Uwiano na Utangamano iliyaorodhesha mwaka 2022 kuwa ya chuki. Mtoto aliye chini ya meza anacheza na vifuniko vya chupa anayasikia. Kesho atayatumia uwanjani kwa sababu yana mlio mzuri, na mwenzake naye atakwenda kuuliza nyumbani maana yake.

Nikirudi kwa mwalimu, tusimtwike mzigo tusiousaidia. Kuchuchumaa na kusikiliza watoto watatu ni jambo linalowezekana ukiwa na msaidizi. Ukiwa peke yako na watoto hamsini, kila anayelia anakuchelewesha. Walimu wa chekechea za umma huajiriwa na kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti elimu ya awali. Kaunti nyingi zimejenga madarasa mazuri yenye rangi na jina la gavana ukutani. Ndani, mwalimu ni mmoja, yuko kwa mkataba, na vitu vya kuchezea vinahesabika kwa vidole.

Vitu hivyo tunaweza kuanza navyo wenyewe. Fundi wa magurudumu ana matairi mabovu asiyojua pa kuyatupa. Seremala ana vipande vya mbao. Avipige msasa tu visichome. Akina nyanya wanajua kushona wanasesere wa matambara. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 mpira wa juala umeadimika, lakini wa matambara na kamba hudunda vya kutosha kwa miguu ya miaka minne. Kamati ya shule ikitenga Jumamosi moja kila muhula, wazazi wa makabila yote ya kijiji wakae chini ya mti mmoja wakichonga na kushona, uwanja utajaa. Na hata hao wazazi watakuwa wameongea.

Walimu wa kutosha, hata hivyo, hawashonwi. Hao wanatoka kwenye bajeti. Serikali ya kaunti hulazimika kuwasilisha makadirio yake kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Mkutano wa wadi ukitangazwa, msiende kuomba barabara peke yake. Nendeni watano au sita kutoka chekechea moja, mkiwa na ombi la mambo mawili: mwalimu msaidizi kwa kila darasa lililofurika, na mafunzo ya kusuluhisha ugomvi kwa walimu wote wa chekechea kabla ya kampeni za 2027 kupamba moto. Likiandikwa kwenye karatasi, na nakala moja ikabaki kwenu yenye muhuri wa ofisi ya wadi, ni vigumu zaidi kusahauliwa. Mwakilishi wadi akisema fedha zimekwisha, mwulizeni ni kifungu gani kilichozichukua, na mrudi Aprili inayofuata.