Mashine Bila Matunzo Ni Mzigo

Siku hizi wapo maseremala wa Mwanza wanaochonga nakshi za milango kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Hayo ni maendeleo ya kupongezwa. Lakini kununua mashine ni jambo moja, kuitunza ni jingine.

Vumbi la mninga likichanganyika na grisi kwenye reli hugeuka msasa unaokula chuma. Mkanda ukilegea, duara hutoka umbo la yai. Kisu butu huunguza mbao. Wengi, badala ya kutibu hayo, hukimbilia mota kubwa zaidi. Mota yenye nguvu juu ya fremu inayoyumba huzidisha mtikisiko tu. Fremu ikazwe kwanza, ndipo mota ibadilishwe.

Mafundi wa mitumbwi ufukoni mwa Ziwa Viktoria hukalafati kabla mtumbwi haujazama. Busara hiyo yafaa kufundishwa katika vyuo vya ufundi. SIDO iliundwa mwaka 1973 ili kukuza viwanda vidogo. Kiwanda kinachosimama kwa kungoja kipuri kutoka ng'ambo, ilhali karakana za mjini zaweza kukichonga, bado hakijajitegemea. Walimu na maofisa wahusika wana wajibu wa kulisahihisha jambo hili.