Mali bila Daftari: Faili Bapa, Hifadhidata ya Uhusiano na Hatima ya Makusanyo ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mfanyabiashara asiyeandika hesabu zake. Hata hivyo, katika zama hizi za tarakilishi na tovuti, onyo hilo linawahusu wataalamu wa lugha pengine kuliko wenye maduka. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vina makusanyo mengi ya methali, vitendawili, nyimbo, ngano na misamiati ya lahaja yaliyopatikana kwa jasho la wanafunzi na kwa hisani ya wazee waliokubali kuhojiwa. Mali ipo. Linalotia shaka ni daftari lenyewe.

Makala haya yanadhamiria kuangazia suala ambalo wanafunzi wengi wa Kiswahili wamelichukulia kuwa la mafundi wa mitambo tu: je, tovuti ya makusanyo ya lugha inayoendelea kukua ijengwe juu ya faili bapa au juu ya hifadhidata ya uhusiano? Msimamo wa makala ni kwamba swali hili ni la kiisimu na la kifasihi kabla ya kuwa la kiufundi. Anayeliacha lijibiwe na fundi peke yake anahatarisha uzi unaolifunga neno kwa msemaji wake.

Maana ya istilahi

Faili bapa ni faili la maandishi ambamo kila rekodi hukaa katika mstari wake, na vipengele vya rekodi hiyo hutenganishwa kwa alama maalumu, kwa mfano mkato. Mfano wake wa kale ni daftari la duka: tarehe, jina la mteja, bidhaa, bei, kisha mstari mwingine. Kila kitu kimo mahali pamoja na kila anayejua kusoma anaweza kulisoma.

Hifadhidata ya uhusiano, ambayo wengine huiita kanzidata, huigawa habari katika majedwali kadhaa. Kila jedwali hubeba vitu vya aina moja, kila mstari wa jedwali hupewa ufunguo wake wa kipekee, na majedwali huunganishwa kwa funguo hizo. Msingi wa nadharia hii uliwekwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM nchini Marekani. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mtumiaji wa data asilazimishwe kujua namna data ilivyopangwa ndani ya mashine ndipo aweze kuiuliza swali.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, wazo hili si geni. Mzizi -pig- ni mmoja, ilhali maumbo piga, pigia, pigwa, pigana na pigisha ni mengi. Katika faili bapa, maumbo haya matano huwa mistari mitano ambayo kila mmoja hulazimika kurudia habari za mzizi. Katika majedwali yanayohusiana, mzizi huandikwa mara moja, na kila umbo nyambuliwa huelekeza kwake. Mhariri akigundua kosa katika maelezo ya mzizi, atalisahihisha mahali pamoja, na usahihi utayafikia maumbo yote. Kwa hakika, mofolojia ya Kiswahili yenyewe inadai uhusiano.

Mfano wa Kiembeni

Ichukuliwe kwamba kikundi cha wanafunzi kimeazimia kukusanya misemo, vitendawili na nyimbo za kazi katika mtaa wa Kiembeni, huko Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa. Mtaa huu unafaa kwa zoezi hilo. Wenye asili ya kisiwani, Wamijikenda na waliohamia kutoka bara ya Kenya huishi humo kuta zikipakana, na Kiswahili chao hakiwi kimoja. Yupo atakayesema mtele na atakayesema mchele. Yupo wa mato na yupo wa macho. Kwa hiyo, semi peke yake haitoshi. Ni lazima ijulikane imetoka kwa nani, lugha yake ya kwanza ni ipi, alizaliwa wapi na ameishi mtaani kwa muda gani.

Mwanzoni kikundi kitaandika mistari 60 katika faili moja. Hapa faili bapa halina dosari. Ni jepesi, halina gharama, na linaonekana lote kwa mtazamo mmoja. Mambo hubadilika haba na haba inapojaza kibaba. Mzee mmoja akitoa semi 40, jina lake, umri wake na asili yake vitaandikwa mara 40. Mwanafunzi wa kwanza ataandika "Kiembeni", wa pili "kiembeni", wa tatu "Kiembeni (Kisauni)", na wa nne "mtaa wa Kiembeni, Mombasa". Kwa binadamu mahali ni pamoja. Kwa tarakilishi ni pengine nne. Mtafiti atakayetaka semi zote za Kiembeni atapata robo yake tu, na lililo baya zaidi ni kwamba hatajua kuwa amepata robo. Huku ndiko kupotea bila habari.

Tatizo la mahali haliishii katika tahajia. Rekodi iliyochukuliwa Kisauni mwaka 2005 iliwekwa chini ya Wilaya ya Mombasa, Mkoa wa Pwani. Baada ya Katiba ya 2010 na uchaguzi wa mwaka 2013, mpangilio huo uliondoka ikaja Kaunti ya Mombasa. Wakati huo huo eneo bunge la Nyali lilimegwa kutoka Kisauni, hata Kongowea iliyokuwa ikihesabiwa Kisauni ikawa ya Nyali. Mwenye faili bapa ana njia mbili, na zote mbovu. Akiiacha mistari ilivyo, makusanyo mapya hayatalingana na ya zamani. Akiibadilisha yote, atakuwa ameifuta historia na kumsingizia msimulizi wa 2005 kuishi katika kaunti ambayo haikuwapo. Katika hifadhidata ya uhusiano, mahali hupewa jedwali lake, na mipaka ya utawala hupewa jedwali jingine lenye mwaka wa kuanza na mwaka wa kukoma. Semi hubaki pale pale. Mipaka ndiyo inayopita juu yake.

Haki ya mtunzi na ya mhifadhi

Ikiwa mfano wa Kiembeni ni wa kubuni, historia ya fasihi ya Mombasa ina mfano ulio hai. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, hayakutufikia kutoka kinywani mwake moja kwa moja. Yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, yakahaririwa na W. Hichens katika diwani iliyochapishwa mwaka 1940. Kisha yakachunguzwa upya na Mohamed H. Abdulaziz katika kitabu chake cha mwaka 1979. Je, katika orodha yenye safu moja tu iliyoandikwa "Mwandishi", ni jina la nani litakaloingia?

Faili bapa humlazimisha mhariri kuchagua. Akimwandika Muyaka peke yake, Mwalimu Sikujua anafutika, ingawa pasi yeye huenda mashairi mengi yangezikwa na waliokuwa wakiyakumbuka. Akiongeza safu ya "mkusanyaji", atahitaji safu ya "mnakili", kisha ya "mhariri", kisha ya "mhariri wa pili", na safu nyingi zitabaki tupu kwa kazi nyingine. Isitoshe, mshairi huyo huyo akiandikwa Muyaka bin Haji katika mstari mmoja na Muyaka bin Haji al-Ghassaniy katika mwingine, tovuti itakuwa na malenga wawili. Suluhisho la kiuhusiano ni jedwali la watu, jedwali la tungo, na baina yao jedwali la dhima linaloeleza nani alifanya nini kwa utungo upi. Hapo kila mtu hupata haki yake, na mnakili atakayegunduliwa kesho ataongezwa pasi na kuuvuruga muundo.

Suala la haki lina upande wa pili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamdai kila anayehifadhi habari za watu azilinde. Faili bapa lenye jina la msimulizi, nambari yake ya simu na semi zake katika mstari mmoja likipakiwa mtandaoni, siri yake imepakiwa pia. Majedwali yakitenganishwa, semi husomwa na ulimwengu ilhali nambari ya simu hubaki kwa mtafiti.

Funzo la Wikipedia

Yamkini msomaji atauliza kama hofu hii haijatiwa chumvi. Historia ya Wikipedia inajibu. Ilipoanzishwa tarehe 15 Januari 2001, kamusi elezo hiyo ilitumia programu ya UseModWiki iliyoweka kurasa katika mafaili ya kawaida. Kwa muda mpango huo ulitosheleza. Makala na wahariri walipoongezeka, mzigo ulishinda chombo. Mnamo Januari 2002 ilihamishiwa programu mpya iliyotumia hifadhidata ya MySQL, na mwandishi wa programu hiyo, Magnus Manske, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani. Julai mwaka huo huo programu hiyo iliandikwa upya na Lee Daniel Crocker. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ilizaliwa baada ya uhamisho huo na kuepushwa na adha yake.

Uhamisho huo ulikuwa na gharama. Kumbukumbu za masahihisho ya siku za mwanzo zilidhaniwa zimepotea kabisa mpaka Desemba 2010, nakala ya zamani ya mafaili ilipopatikana. Mafunzo ni mawili: anayechelewa kuhama hulipa kwa kumbukumbu zake, na nakala sahili ya maandishi ndiyo inayookoa mambo yakiharibika.

Utetezi wa faili bapa

Funzo la pili linadai uadilifu katika mjadala huu. Wapo wanaoliona faili bapa kuwa ushamba, na hao nao wamepotoka. Faili la maandishi husomwa na mashine yoyote, pasi na programu maalumu wala nywila ya fundi aliyekwisha kuhitimu na kuondoka. Hunakiliwa kwa urahisi na kusafiri kwa barua pepe. Kwa tovuti ambayo husomwa tu na hubadilishwa na mhariri mmoja, kwa mfano orodha ya matoleo ya jarida la chama, hifadhidata ni kumchinja ng'ombe kwa mgeni mmoja.

Udhaifu wa faili bapa hujitokeza linapokua. Wahariri wawili wakilifungua kwa pamoja, atakayehifadhi mwisho anaweza kuifuta kazi ya mwenzake. Tungo zenye mikato ndani yake huvuruga safu zilizotenganishwa kwa mikato. Utafutaji nao huwa mzito: katika mistari 10,000 isiyo na faharasa, tarakilishi huenda ikalazimika kuipitia yote, ilhali faharasa iliyopangwa huifikisha kwa hatua 14 hivi. Hifadhidata imeundwa kuyakabili mambo haya, kwa faharasa na kwa kanuni kwamba badiliko ama likamilike lote ama lisifanyike kabisa.

Kisingizio cha gharama nacho kimepungua nguvu. Tangu mwaka 2000 ipo SQLite, hifadhidata ya uhusiano ya bure inayokaa katika faili moja na isiyohitaji seva. Imo hata ndani ya simu za Android. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Kiembeni anaweza kupata mpangilio wa majedwali pamoja na wepesi wa faili moja.

La kufanya

Kwanza, kila mradi wa makusanyo uanze kwa karatasi na kalamu. Kabla ya kuingiza semi ya kwanza, wanafunzi waorodheshe vitu wanavyovihifadhi: watu, mahali, tungo, maneno, kanda za sauti. Kisha wajiulize: kimoja kina vingapi vya kingine? Msimulizi mmoja ana semi nyingi. Semi moja nayo yaweza kutolewa na wasimulizi wengi. Hiyo ni kazi ya mwanaisimu na mwanafasihi, kwani ndiye anayejua kama lahaja ni sifa ya neno au ya msemaji.

Pili, hata anayeanza na faili bapa ampe kila msimulizi na kila mahali nambari yake tangu siku ya kwanza. Nambari hizo ndizo zitakazokuwa funguo siku ya kuhama.

Tatu, dalili za kuhama zisipuuzwe. Jina moja likianza kuandikwa kwa namna tatu, wahariri wakizidi mmoja, au safu tupu zikiwa nyingi kuliko zilizojaa, wakati umefika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne, kila hifadhidata itolewe nakala ya maandishi matupu kila muhula, na nakala hiyo ikabidhiwe maktaba, ili makusanyo yasife pamoja na programu.

Hitimisho

Ni bayana kwamba jibu halimo katika kulitukuza faili bapa wala kuliabudu jedwali. Faili bapa linafaa kuanzia na linafaa kuhifadhia nakala. Hifadhidata ya uhusiano inafaa kukulia. Lakini uamuzi wa nini kihusiane na nini hauwezi kukodishwa kwa fundi. Idara za Kiswahili, zinazowatuma wanafunzi nyanjani kila mwaka, zina wajibu wa kuufundisha upangaji wa data sambamba na mbinu za mahojiano. Mzee wa Kiembeni anapokubali kutoa semi aliyoirithi kwa nyanya yake, anaitoa pamoja na jina lake. Daftari litakaloihifadhi semi na kulipoteza jina halijatimiza amana.